Tembo la Kaloleni na Tufaha la Gerlingen

Swali lililonitoa nyumbani kwangu Malindi mwezi wa Januari, wakati kaskazi imekwisha kuishika bahari na maembe yameiva hata yakawa yanaanguka usiku juu ya mabati na kutukatiza usingizi, niliulizwa mbali sana na pwani yetu, katika nyumba ya mkulima wa mizabibu kusini mwa Ujerumani. Na kwa kuwa siku ile sikuweza kulijibu kama lilivyostahili, nilirudi nalo kifuani kama mtu arudivyo na amana ambayo bado hajaifikisha kwa mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda kumzuru mpwa wangu aliyefanya maskani yake Stuttgart, naye, akijua kwamba mjomba wake alisomesha tarikhi kwa miaka mingi, na kwamba jina la Johannes Rebmann halikosi kutajwa kila azungumzapo habari za Rabai, akanichukua siku moja ya mwezi wa Oktoba hadi Gerlingen, alikozaliwa mmishonari huyo mwaka 1820, mji ulio jirani na Stuttgart lakini wenye mashamba yake, vilima vyake na mizabibu yake. Nilidhani nitaonyeshwa nyumba ya kale, basi. Kumbe kitakachonikaa moyoni ni miti. Mitufaha ya nchi ile haikupandwa safu kwa safu kama mkonge wa Vipingo, bali imesimama mmoja mmoja katikati ya majani, kila mti na kivuli chake, mithili ya mikanju ya Kilifi, na matufaha yake ni madogo, yana madoa na makovu, wala hayafanani na yale mekundu yang'aayo yanayoletwa masokoni kwetu kutoka ng'ambo. Watu walikuwa wakiyatikisa matawi kwa fito ndefu, watoto wakiokota, magunia yakipakiwa na kupelekwa kwenye shinikizo la kijiji. Na maji yalipotoka, mazito, rangi yake kama asali isiyochujwa, nilipewa gilasi nami ningali nimesimama. Utamu ulitangulia, ukali ukafuata nyuma yake, na baada ya kumeza ilibaki harufu ya majani mabichi na ya udongo ule ule niliokuwa nimeukanyaga.

Jioni tukaingia nyumba iliyotundikwa ufagio juu ya mlango. Mpwa wangu akanieleza kwamba ufagio ndio tangazo lao: mkulima wa zabibu huruhusiwa na sheria kuwauzia watu mvinyo wa shamba lake ndani ya nyumba yake kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka, na ufagio ukishushwa, watu hawabishi hodi tena. Mvinyo waliotupa, uitwao Trollinger, ni mwekundu mwepesi, na aghalabu humalizwa na watu wa jimbo lile lile waliouvuna, wala hausafiri mbali. Mzee mwenye nyumba, baada ya kunieleza mteremko wa kilima chake na umri wa mizabibu yake, akaniuliza kwa ulimi wa mpwa wangu, "Na nchi yako, bwana, huwanywesha nini watu wake?" Nikamjibu kwamba tunakunywa chai na madafu, na kwamba iko pombe ya mnazi, yaani tembo. Sikusema zaidi. Usiku ule, nikiwa kitandani, niliona kwamba nimeidhulumu pwani nzima kwa sentensi moja.

Kwa hiyo niliporudi nilianza na pale nilipo. Sisi watu wa pwani neno tufaha tunalo tangu zamani, tulilipokea kutoka kwa Waarabu, ila tunda tulilolipa jina hilo ni jingine kabisa, lile jekundu lenye umbo la kengele, jepesi, lililojaa maji na kunukia waridi. Na embe nalo limeingia katika ujamaa huu, maana Ibn Battuta, alipoipita pwani hii mwaka 1331 na kukirimiwa Mogadishu, akitaka kuwafahamisha watu wake wa Maghribi tunda wasilolijua, alilifananisha na tufaha lenye kokwa, akaeleza kwamba likiiva ni tamu mno na likiwa bichi hutiwa katika siki. Leo embe la mviringo liliwalo Malindi, lenye nyama ya rangi ya manjano iliyokolea na lisilo na nyuzi za kukwama menoni, huitwa na wauzaji wote embe apple, nami kila nilisikiapo jina hilo hushangaa jinsi fikira ya yule msafiri ilivyorudi mlangoni petu baada ya karne karibu saba.

Katika soko la Malindi yuko mama mmoja anayeuza maji ya embe na ya ukwaju katika ndoo mbili zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe, naye hapendi kutumia embe la aina moja. "Ngowe hunipa uzito, apple hunipa rangi," aliniambia, "lakini baba yangu, harufu naitafuta katika yale madogo ya kienyeji, yenye nyuzi, ambayo watu hawayataki." Huyafinyanga kwa mkono ndani ya maji, huchuja, hukamulia ndimu moja, na hatii sukari mwezi wa Januari kwa sababu haihitajiki. Nilikunywa gilasi mbili. Halafu nikakumbuka, kwa uchungu ambao haujanitoka, kwamba wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimealikwa katika hoteli moja ya ufuoni, mwembe mkubwa umesimama uani umezaa hata unasaidiwa kwa miti ya kuegemeza, na tulipoomba maji ya matunda tuliletewa ya paketi yaliyotoka nchi ya mbali. Wageni wanaovuka bahari ili wafike kwetu wana haki ya kuonja kile ambacho nchi hii pekee inaweza kuwapa, na sisi wenyewe tuna haki hiyo kabla yao.

Kisha, ili nilifuate tembo lenyewe hadi Kaloleni, nilipanda matatu ya asubuhi kuelekea kusini. Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke tulivipita bila kusimama, na baada ya Matsangoni ikaanza nchi ya mikanju, miti mipana iliyoinamisha matawi yake hadi chini, na chini yake mabibo yametapakaa, ya manjano na mekundu, yakichacha juani na kuvuta nyuki. Msomaji wa bara pengine hajui kwamba korosho huning'inia nje ya tunda, chini yake, kama kitu kilichosahauliwa kisha kikabandikwa. Watu huikata korosho wakaipeleka sokoni na bibo lenyewe hutupwa. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichofunguliwa katika miaka ya 1970 na kufungwa katika miaka ya 1990, kilitaka kokwa tu, nasi tukazoea kuona kwamba tunda halina thamani. Bila shaka bibo lina kasoro zake: maji yake hukaba koo, hutia doa nguoni lisilotoka, na likishaanguka haliwezi kungoja hata siku moja. Lakini niliyaona Gerlingen matufaha yenye mabaka, ambayo hakuna ambaye angeyanunua, yakifanywa kinywaji cha mwaka mzima kwa sababu tu kijiji kilikuwa na shinikizo moja la watu wote na desturi ya kuokota, nami nikiwa katika matatu, kipaji changu kimeegemea kioo, sikuweza kuyatazama mabibo yale bila ya kusononeka.

Kilifi nilishuka kunywa dafu, upande wa pili wa daraja, pale ambapo kabla ya mwaka 1991 tulikuwa tukisubiri pantoni na wauzaji wakitupitishia vitu madirishani. Muuzaji wa madafu hugonga kwa kidole kabla ya kukata, naye hutambua kwa sauti kile ambacho lugha yetu imekitenga kwa majina: kidaka kisicho na faida bado, kitale chenye maji makali, dafu lenye maji matamu na nyama laini inayoliwa kwa kijiko cha ganda lake, koroma ambalo maji yake yamepoa ladha na nyama yake imeanza kukaza, kisha nazi yenyewe. Hakuna taifa linalojipatia majina mengi kama hayo kwa tunda moja isipokuwa limeishi nalo kwa makini muda mrefu.

Kutoka Mavueni barabara huiacha bahari na kupanda. Hewa hubadilika, vichaka hupungua, na ukikaribia Kaloleni wajiona umeingia katika bahari nyingine, ya kijani, minazi juu ya matuta na minazi mabondeni, mingine imenyooka na mingine imepinda kama mtu anayesikiliza. Hii ndiyo nchi aliyokaa mwanazuoni Mwingereza David Parkin katika miaka ya 1960, akaandika juu ya Wagiriama kitabu kilichotoka mwaka 1972, ambacho katika jina lake ameweka pamoja minazi, tembo na mashahidi. Na mtu akikaa hapa hata siku mbili huelewa kwa nini vitu hivyo vitatu havitengani, kwa kuwa mnazi ni mali inayouzwa na kuwekwa rehani, na mapatano yake yanataka wazee wa kushuhudia, na wazee hawaketi pamoja bila ya tembo. Mahari nayo haikamiliki bila kadzama la tembo kubebwa hadi kwa wakwe. Wagiriama huliita uchi wa mnazi, sisi wa mijini husema mnazi tu, kana kwamba mti mzima umo ndani ya kibuyu.

Nililala kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana wajukuu, na alfajiri akanipeleka shambani. Mgema alikuwa amekwisha kushuka mnazi wake wa tatu. Ni mtu wa makamo, mwembamba, nyayo zake pana na ngumu kwa ajili ya vidato vilivyochongwa mashinani mwa minazi, na kiunoni amefunga kotama, kile kisu chenye ncha iliyopinda, ndani ya ala ya mti. Mnazi wa nne ulikuwa bado mchanga, kimo chake hakikunizidi sana, kwa hiyo niliweza kupanda juu ya kinu kilichopinduliwa nikatazama kila alichokifanya. Karara halikuwa limepasuka. Lilikuwa limefungwa kwa ukuti kutoka chini hadi karibu na ncha ili lisifunuke likatoa maua, na ncha yenyewe ilikuwa imekatwa, nyeupe, yenye unyevu, kama kidole kilichokaa majini. Alichomoa kotama, akalijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, akakata kipande chembamba ambacho ukikiinulia jua waiona nuru upande wa pili, kisha akangoja. Kwa muda wa pumzi tatu au nne hapakuwa na kitu. Halafu tone likajikusanya, likavimba, likaning'inia, likaanguka ndani ya kidumu. Likaja la pili. Na la tatu likaja na siafu mmoja aliyekuwa akilinywa.

"Mwalimu, ukikata nene karara litakwisha upesi," alisema, "na hupati zaidi." Hupanda kila mnazi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na asipopanda hata siku moja jeraha hukauka na kazi hurudi nyuma. Zamani walikinga kwa vibuyu, leo kwa vidumu vya plastiki, na hapo pana siri ambayo sikuijua: kidumu kikioshwa sana, tembo hukaa tamu muda mrefu zaidi, na kikisuuzwa kidogo tu, chachu ya jana hulipokea la leo na kulianzisha mara moja. Nilimtajia ile methali ya mgema na sifa na maji, ambayo kila mtoto wa shule ameiandikia insha. Hakukasirika, ila alinijibu kwa uso mkavu kwamba juu ya mnazi hakuna maji, na kwamba anayetia maji yuko chini, kwenye kuuza. Nimeifundisha methali hiyo miaka thelathini na sikuwahi kuufikiri upande wake.

Kisha akanimiminia. Tembo la saa moja ya asubuhi ni jeupe kidogo, kama maji yaliyooshewa mchele, halina povu, na utamu wake si wa sukari wala wa asali, bali ni utamu wa kitu ambacho bado kilikuwa mti dakika chache zilizopita, wenye harufu ya unga mbichi na ya mvua. Hili ndilo mabibi zetu mijini, hata katika nyumba ambazo kileo hakivuki kizingiti, walilotia katika unga wa vitumbua lipate kuumuka kabla ya hamira ya dukani. Saa tano nililionja tena katika kidumu kile kile: limeanza kuchemka, povu limepanda shingoni, utamu umepungua nusu na mahali pake pameingia uchachu wa kupendeza unaosafisha kinywa. Alasiri lilikuwa kali. Kwa siku moja nilikuwa nimeonja vinywaji vitatu vya mti mmoja, na la ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amefanya lolote isipokuwa kungoja, maana chachu imo hewani na katika chombo, nayo hula utamu huo na kuugeuza, na ukiiachia hadi kesho kutwa utapata siki.

Jioni tukaenda mangweni, mahali panywewapo tembo. Neno hili watu wengi hulitamka kwa dharau, na sitaficha kwamba nimewahi kuona mangweni pa fujo, na wake waliongojea pesa ambazo hazikufika nyumbani. Jambo hilo ni la kweli na linaumiza, na anayelisifu tembo bila kulitaja anawakosea wanawake hao. Lakini pale tulipokaribishwa, chini ya mwembe nyuma ya nyumba, palikuwa na wazee sita juu ya vibao, na adabu ambayo ningependa kuiona katika mikutano mingi ya wasomi. Mwenye nyumba alimwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, akaonja yeye mwenyewe kwanza ili mgeni aone kwamba hakuna ubaya, ndipo akanipa mboko wangu na mrija wake, ambao ncha yake ya chini imezibwa kwa nyuzi nyuzi ili nyuki na takataka zisipande. Kunywa kwa mrija kunamlazimisha mtu kwenda polepole. Walizungumza habari za mvua, za minazi mizee inayokatwa mbao na isiyopandiwa mingine, na za kijana mmoja ambaye ana miguu ya ugema lakini amekwenda Mtwapa kuendesha bodaboda. Na nilipowasimulia habari za ufagio wa Wajerumani, mzee mmoja aliuliza swali moja tu, kama mkulima yule huuza mvinyo wa shamba lake au hununua wa wengine akachanganya, na nilipomwambia ni wa shamba lake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kesho yake niliteremka hadi Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf na Rebmann walifanya kituo chao mwaka 1846 kwa idhini ya wazee wa kaya. Nyumba zao bado zimesimama karibu na kanisa, nazo ni ndogo kuliko mtu anavyozifikiri anaposoma vitabuni. Krapf naye alikuwa mtoto wa mkulima, wa Derendingen, katika nchi ile ile ya matufaha. Rebmann aliondoka hapa mwaka 1848 akauona Kilimanjaro na theluji yake, tarehe 11 Mei, na wasomi wa Ulaya wakamkadhibisha kwa miaka. Akakaa pwani hii miaka 29, hata macho yake yakapofuka, akarudi kwao mwaka 1875 na kufariki Korntal mwaka uliofuata, ambako Krapf naye alizikwa mwaka 1881. Niliketi barazani pa nyumba ile nikawaza kwamba mtu aliyekulia chini ya mitufaha aliamka hapa kila asubuhi kwa karibu miaka thelathini, wagema wakiwa juu ya minazi, na kwamba miaka ya mwisho, alipokuwa haoni tena, lazima aliisikia sauti ya kotama likikata. Wamishonari wengi waliokuja pwani walilihesabu tembo kuwa adui, wala siwalaumu wote. Lakini jamaa zao waliobaki nyumbani walikuwa wakiyashinikiza matufaha kila Oktoba na kuyaacha yachache mapipani, kwa chachu ile ile itokayo hewani.

Kutoka Kaloleni nilikuwa nimechukua kidumu cha lita tano, kifuniko kimelegezwa ili kisipasuke, nikitaka kuwaonjesha watu wa nyumbani. Dereva alikiweka karibu na miguu yangu na abiria wote wakajua ni kitu gani kwa harufu. Nilipofika Malindi, jua limekuchwa, tembo lilikuwa limekwisha kuwa kali kupita kinywa, na siku ya tatu lilikuwa siki safi. Mke wangu hakulitupa. Alilichuja mara mbili, akalitia katika mtungi pamoja na maembe mabichi yaliyokatwa na kokwa zake, chumvi, pilipili na kitunguu saumu, akaufunga na kuuweka juani darini.

Achari hiyo sasa iko tayari, na chupa moja nimeifunga kwa karatasi ili mpwa wangu aipeleke kwa yule mzee wa ufagio. Maji ya embe na tembo sina njia ya kumpelekea. Nimemwandikia hivyo, na kwamba akitaka kulijua tembo itambidi aje mwenyewe Kaloleni, na afike chini ya mnazi kabla ya saa moja ya asubuhi.